Mhasibu Asiyekuwepo

Jumanne moja asubuhi nilifungua kikasha changu cha barua pepe nikakuta barua 640. Kikoa ni changu mwenyewe, jina la ukoo na nukta na herufi chache mwishoni. Nakilipia kila mwaka kama mtu anavyolipia kiwanja, na siku ya kawaida hupata barua ishirini, zikizidi sana thelathini. Hizi za siku ile karibu zote zilisema jambo moja: samahani, barua yako haikufika, uliyemwandikia hayupo. Baadhi zilikuwa za Kijerumani, baadhi za Kireno. Moja ilitoka kwa binadamu, tena mwenye hasira, akitaka kujua mhasibu wangu kaipata wapi anwani yake.

Sina mhasibu. Kikoa chetu kina watu watatu: mimi, mke wangu, na binti yetu ambaye anaona barua pepe ni mambo ya wazee. Lakini kila barua iliyorudi ilidai imetoka kwa mtu anayeitwa accounts, nyumbani kwetu. Zile zilizorudi na nakala ya barua ya awali zilionyesha kazi aliyokuwa akiifanya usiku kucha: kutuma ankara. Ankara ile ile, na kiambatisho kile kile, kwa watu asiowajua, kwa Kiingereza chenye adabu ya kupitiliza.

Mtu akikutwa na hali hii huwaza kwanza kwamba ameibiwa nenosiri. Nikabadilisha la kwangu, nikabadilisha na la mke wangu bila kumuuliza (hilo tulilizungumza baadaye), halafu nikafungua kumbukumbu za seva. Usiku ule seva yetu ilikuwa imetuma barua mbili tu, zote za mke wangu. Mhasibu hakuwahi kuingia ndani. Alikuwa amejipachika jina la nyumba, basi.

Linawezekanaje? Inabidi usikilize seva mbili zikizungumza, na uzuri ni kwamba mazungumzo yao ni maandishi ya kawaida ambayo mtu anaweza kuyasoma. Utaratibu wake unaitwa SMTP. Jonathan Postel wa Chuo Kikuu cha Southern California aliuandika katika waraka wa Agosti 1982, na umeongezewa mengi tangu hapo lakini uti wake wa mgongo ni ule ule. Seva yenye barua inafika mlango namba 25 wa seva nyingine, inapiga hodi. Neno la hodi ni HELO, L moja, maana kila amri ilipewa herufi nne. Mwenyeji anajibu 250, karibu. Mgeni anasema MAIL FROM na kutaja mtumaji: 250. Anasema RCPT TO na kutaja mwandikiwa: 250. Anasema DATA, mwenyeji anajibu 354, haya lete, barua inamiminwa mstari kwa mstari mpaka ifike nukta iliyokaa peke yake kwenye mstari wake, yaani nimemaliza. 250. Kwaheri.

Yapitie tena mazungumzo hayo utafute mahali mgeni anapoulizwa kitambulisho. Hapapo. Anwani anayoitaja kwenye MAIL FROM ni maneno yake mwenyewe, kama jina la mtumaji mgongoni mwa bahasha, ambalo karani wa posta hajawahi kulihakiki. Na ndani ya bahasha mna anwani nyingine tena, ile ya From unayoiona kwenye skrini, ambayo nayo hailazimiki kufanana na ya nje. Mhasibu wangu alihitaji kujua jina la kikoa chetu tu, na jina la kikoa halifichwi.

Ni rahisi kumlaumu Postel, ila si haki. Alipoandika, mtandao ulikuwa mashine mia chache za vyuo vikuu, maabara na jeshi la Marekani, watu wanaojuana. Walikuwa wameshaonja barua taka mara moja. Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya DEC, aliwaandikia karibu watu 400 wa ARPANET (mtandao huo enzi hizo) kuwaalika kwenye maonyesho ya mashine mpya huko California. Anwani zilizidi nafasi ya programu, nyingine zikamwagikia ndani ya barua yenyewe. Wakubwa walikasirika, onyo likatolewa, mambo yakaisha. Kinga ilikuwa hiyo: kila mtu alimjua Thuerk ni nani na bosi wake ni nani. Kijiji hakihitaji kufuli mpaka siku ambayo wapita njia wanakuwa wengi kuliko wenyeji.

Barua zilizonirudia zina kisa chake. Seva iliyowekwa vizuri ikitajiwa mwandikiwa isiyemjua hujibu 550 pale pale, mgeni akiwa bado kizingitini, na anayebaki na aibu ni yeye. Seva iliyowekwa ovyo hupokea kwanza, hukagua baadaye, ikikuta mwandikiwa hayupo inamrudishia mtumaji aliyeandikwa kwenye bahasha. Yaani mimi. Watu wa kazi hii huliita shambulio la namna hiyo kwa jina la Joe, kutokana na mkasa wa 1997: mwenye tovuti ya joes.com alimfungia mteja aliyekuwa akitangaza biashara kwa taka, mteja akalipiza kisasi kwa kumwaga taka dunia nzima kwa jina la joes.com, na hasira za waliozipata zikamwangukia Joe. Sidhani kama mimi nililipiziwa chochote. Jina letu liliokotwa tu.

Nilichukua nakala moja nikaisoma mistari yake ya Received. Hii husomwa kutoka chini kwenda juu, kama ukuta unavyojengwa, kwa sababu kila seva inayopitisha barua huweka tofali lake juu ya yaliyopo. Matofali ya chini yanaweza kuwa ya uongo, mtumaji ameyapanga mwenyewe. La kuaminika ni lile lililowekwa na seva ya aliyeandikiwa, maana yeye hana sababu ya kudanganya. Tofali hilo lilitaja namba ya IP ya mteja wa intaneti wa nyumbani katika nchi ambayo sijawahi kufika. Hakuwa mtuma taka, bila shaka. Ni mtu mwenye kompyuta au ruta iliyotekwa na programu haramu, amelala zake, mashine yake ikipiga hodi kwenye milango ya watu.

Hapa ndipo ninapokiri kosa. Dawa ya kuzuia jina la kikoa lisichezewe ilikuwepo muda mrefu, nami nilikuwa nimeinywa nusu dozi. Kinga ya kwanza inaitwa SPF, na ni mstari mmoja unaouweka kwenye DNS, kile kitabu cha anwani cha intaneti, ukitaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. Mwisho wa mstari kuna alama. Ukiandika -all unamaanisha mwingine yeyote mkataeni. Ukiandika ~all, mawimbi badala ya kistari, unamaanisha mwingine yeyote mtilieni shaka. Mimi niliandika mawimbi, kwa woga wa kuzuia barua zangu mwenyewe, nikasema nitabadilisha wiki ijayo. Wiki hiyo ilichukua miaka.

Kinga ya pili, DKIM, ni muhuri. Seva yako inapiga hesabu juu ya maneno ya barua kwa ufunguo wa siri, jibu la hesabu linabandikwa kichwani mwa barua, na yeyote anaweza kulihakiki kwa ufunguo wa wazi uliouweka kwenye DNS. Ikibadilishwa herufi moja ya kiini cha barua njiani, hesabu hailingani. Kila moja ya hizi ina tundu. SPF inatazama bahasha, haitazami ile From ya kwenye skrini; na barua ikielekezwa kutoka kikasha kimoja kwenda kingine, seva inayoielekeza haimo kwenye orodha yako, kwa hiyo barua halali inaonekana haramu. DKIM inathibitisha kwamba kikoa fulani kimegonga muhuri, lakini haisemi ufanye nini na barua isiyo na muhuri. Ndiyo maana ikaja ya tatu, DMARC, iliyotangazwa 2012. Hiyo inauliza swali ambalo lingefaa kuulizwa 1982: kikoa ninachokiona kwenye From ndicho kilichothibitishwa na SPF au DKIM? Kama sicho, mwenye kikoa anataka nifanye nini: niiache ipite, niitupe kwenye taka, au niikatae?

Niliandika kataa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawalazimisha watumaji wakubwa, ambao kwa kipimo cha Google ni wale wa barua 5,000 na zaidi kwa siku, kuwa na zote tatu, na hata sisi wadogo wanatutaka tuwe na angalau SPF au DKIM. Dunia ilichukua miongo minne kuuliza kitambulisho.

Hizo zote zinalinda jina lisitumiwe na wengine. Barua zinazoingia ni shughuli nyingine. Kikoa chako kina raha moja ambayo anwani ya bure haikupi: unaweza kubuni anwani papo kwa papo. Ukiiambia seva ipokee chochote kilichoandikwa kabla ya alama ya @, basi dukani unaacha anwani yenye jina la duka, hotelini yenye jina la hoteli. Mpangilio huo nauita zoazoa. Nao unafichua mengi. Kampuni moja ya tiketi, sitaitaja, niliipa anwani ambayo hakuna kiumbe mwingine aliyewahi kuiona. Haikupita miezi mingi anwani hiyo ikaanza kupata matangazo ya kamari na dawa za kupunguza tumbo. Huenda waliiuza, huenda waliibiwa. Niliwaandikia kuuliza, wakanijibu kwamba faragha yangu wanaithamini.

Lakini zoazoa inazoa kweli. Watuma taka wana orodha ya majina wanayoyajaribu kwenye kila kikoa: info, sales, admin, na huyo accounts wangu. Kwenye zoazoa yote yanajibiwa 250, karibu. Wana pia mbinu ya kuzunguka uani: kikoa kikiwa na seva ya akiba, yule mlinzi wa zamu anayepokea barua seva kuu ikilala, wao hupeleka taka kwake moja kwa moja wakijua mlinzi wa zamu huwa hana ukali. Na wavunaji wao hupita kwenye kurasa za wavuti wakiokota kila chenye alama ya @. Mwaka 2003 taasisi ya Marekani, Center for Democracy and Technology, ilifungua mamia ya anwani mpya ikazitawanya sehemu mbalimbali ione zitakavyofanywa. Zilizowekwa wazi kwenye kurasa ndizo zilizobeba karibu mzigo wote wa taka. Zilizoandikwa kwa maneno, bila alama yenyewe, hazikupata hata moja.

Mbinu ninayoipenda kuliko zote ni ya kumwambia mgeni arudi baadaye. Evan Harris aliipendekeza 2003. Hodi ikipigwa na usiyemjua, seva inajibu kwa namba ya mia nne na kitu, maana yake sasa hivi nina shughuli, hebu jaribu tena. Seva halali itasubiri dakika kadhaa irudi. Ndivyo utaratibu unavyoitaka. Mashine iliyotekwa ina milango milioni ya kugonga, hairudi. Kwetu tuliolelewa kupiga hodi mara tatu, mtihani huo una haki yake. Ubaya wake unauona siku benki inapokutumia namba ya kuthibitisha muamala yenye uhai wa dakika tano, ikafika baada ya kumi.

Aliyevuka yote hayo anakutana na chujio, na hapa Kiswahili kinaingia kwa namna ambayo sikuitarajia.

Wazo la chujio linarudi kwa mchungaji wa Kiingereza, Thomas Bayes, aliyefariki 1761. Rafiki yake Richard Price alikuta miongoni mwa karatasi zake andiko kuhusu namna ya kukisia chanzo kutokana na dalili, likachapishwa 1763. Agosti 2002 mtaalamu wa programu Paul Graham alilifanya silaha ya watu wote katika makala yake maarufu kuhusu taka. Alisema usiiandikie kompyuta kanuni; ipe fungu la barua safi na fungu la taka, iache ihesabu maneno. Hesabu zilimletea mambo ambayo kichwani mwake hayakuwepo. Msimbo ff0000, ambao kwenye kurasa za wavuti ndio wekundu mkali, ulikuwa dalili ya taka yenye nguvu sawa na maneno ya ngono.

Tuifanye hesabu. Chukua barua 100 safi na taka 100. Neno invoice limo kwenye taka 38 na barua safi 2. Basi barua mpya ikija na neno hilo, kwa dalili hiyo pekee, uwezekano wa kuwa taka ni 38 kati ya 40: asilimia 95. Sasa neno shikamoo limo kwenye barua safi nyingi, kwenye taka halimo kabisa. Hatulipi sifuri, maana sifuri ikiingia kwenye kuzidisha inaua kila kitu; Graham aliyapa maneno ya namna hiyo asilimia 1. Barua yenye yote mawili? Zidisha 0.95 kwa 0.01, upate 0.0095. Zidisha vinyume vyao, 0.05 kwa 0.99, upate 0.0495. La kwanza gawa kwa jumla ya mawili: 0.16. Shikamoo moja imeiteremsha barua kutoka asilimia 95 hadi 16. Nimewahi kuona watoto wakitumia neno hilo hilo kwa hesabu hiyo hiyo wakiwa na ombi la hela.

Chujio langu, likiwa limelelewa na barua za ukoo, lilifikia kuamini kwamba Kiswahili chote ni usafi. Miaka ya mwanzo lilikuwa sahihi. Kisha tafsiri za mashine zikawa bure na zikaanza kuingia barua za Mpendwa Mteja, Tunatumaini barua pepe hii inakupata vyema. Hakuna ndugu yangu hata mmoja aliyewahi kutumaini kwamba barua inanipata vyema. Masikio yangu yalizitambua hapo hapo. Chujio halikuwa na masikio. Liliona mteja, barua, tunatumaini, likazikaribisha.

Tena lugha yetu inalichosha kwa namna nyingine. Chujio rahisi hukata maneno penye nafasi. Kwa Mwingereza neno sent ni neno moja, liwe la nani kwa nani. Kwetu nimekutumia, tumekutumia, utatumiwa, zilizotumwa, kila moja ni mgeni kwa chujio, linaanza kuhesabu upya kutoka moja, na linahitaji taka nyingi zaidi kabla halijashtuka. Tiba ni kuacha kuhesabu maneno na kuhesabu vipande vya herufi. Kipande tum kimo kwenye yote manne. Kimo pia kwenye tumbo na tumbili, lakini kati ya vipande mamia vya barua moja, tumbili mmoja hana uzito. Nilipobadilisha chujio langu lifanye hivyo, wateja wapendwa wengi walihamia kwenye taka ndani ya wiki mbili.

Watu huniuliza nani hasa anajibu vitu hivi. Swali hilo lilipimwa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, matawi ya San Diego na Berkeley, walijipenyeza ndani ya jeshi la kompyuta zilizotekwa lililoitwa Storm, wakageuza sehemu ya matangazo ya dawa yaelekee kwenye duka bandia walilolijenga wao. Barua takriban milioni 350, siku 26. Waliofika hatua ya kununua: 28. Kwa muuza duka huo ni msiba. Kwa mtu anayetumia umeme wa wengine, kompyuta za wengine na intaneti iliyolipiwa na wengine, ni faida. Anayesoma ujumbe wa simu hapa Tanzania anaijua hesabu hiyo bila kwenda San Diego: ile hela tuma kwenye namba hii. Ujumbe haumjui mtu. Unatumwa ovyo, na kazi yake yote ni kumkuta yule mmoja ambaye dakika hiyo alikuwa kweli anataka kumtumia mtu hela.

Lipo deni ambalo sisi wenye vikoa vidogo tunalilipa, nalo linanikera kuliko taka zenyewe. Tangu 1997, Paul Vixie alipoanzisha orodha ya namba za IP zenye sifa mbaya, na Spamhaus ya Steve Linford ilipofuata 1998, seva humuuliza mtu wa tatu kabla ya kufungua mlango. Swali lenyewe ni la ajabu: namba ya mgeni, tuseme 192.0.2.45, hugeuzwa ikawa 45.2.0.192, hubandikwa mbele ya jina la orodha na kuulizwa kwenye DNS kama anwani ya kawaida. Jibu likija, kwa mfano 127.0.0.2, mgeni yumo. Lisipokuja, hayumo. Haraka na rahisi. Lakini kikoa cha bei nafuu hukaa kwenye seva moja na mamia ya wengine, wote kwa IP moja. Tovuti ya jirani ikidukuliwa ikaanza kumwaga taka, mtaa mzima unaandikwa. Nimewahi kukataliwa kwa siku nne kwa sababu ya jirani nisiyemjua, nikiwa nasubiriwa nitume mkataba. Kampuni kubwa ya barua pepe haipati shida hiyo. Nani atathubutu kuifungia? Kwa hiyo kila mwaka marafiki zangu wanaoendesha seva zao wanapungua, na mtandao uliojengwa ili yeyote aweze kumwandikia yeyote unabaki na mabwana posta wachache.

Na chujio kali lina waathirika wake. Kila Ijumaa napekua taka zangu kwa mkono. Mwezi uliopita nilikuta humo barua ya mjomba: kadi ya mchango wa harusi, yenye herufi kubwa nyekundu, tarakimu za fedha, namba tatu za simu za kutumia hela na tarehe ya mwisho. Niliisoma kwa makini na, kwa kweli, chujio sikuliona na kosa. Nilichangia mara mbili ya nilichopangiwa kwa kuchelewa.

Mhasibu naye yupo. Kila asubuhi watoa huduma wakubwa hunitumia ripoti za DMARC, faili dogo lililobanwa, lenye IP za waliojaribu kutumia jina letu na kilichowapata. Ya leo ina barua 41 kutoka mashine tatu, zote zimekataliwa. Upande wa kuingia, zoazoa nimeifunga, zimebaki anwani nilizozitaja moja moja, na ya accounts haimo. Bado anaandikiwa. Siwezi kujua wanamtaka nini kwa kuwa hukatwa kabla ya kufika DATA. Kumbukumbu inaonyesha tu wamejiita akina nani: benki, kampuni ya mizigo, muuza wino wa printa. Usiku wa jana saa tisa walikuwa kumi na wanne. Mke wangu aliiona orodha hiyo juu ya bega langu, akauliza mtu anayefanya kazi saa hizo tunamlipa shilingi ngapi.